Mimi nasema nilimkopesha, kaka yangu anasema nilimpa

Swali: Daktari, mwezi wa Aprili kaka yangu mkubwa alinipigia kwamba ana shida, kesho yake tukakutana soko la nyama la Burma, tukaagiza nyama. Akanieleza kuwa Probox yake ya kubebea mboga imekwama Grogan kwa fundi, giaboksi imekufa. Nikamtumia shilingi 60,000 kwa M-Pesa tukiwa bado mezani, na nikamwambia wazi kwamba nitazihitaji Agosti kwa karo ya muhula wa tatu. Hata mume wangu anajua, nilimweleza jioni hiyo hiyo. Sasa nikimuuliza kaka, anashangaa. Anasema nilimwambia asijali, kwamba ni zamu yangu kumsaidia kwa kuwa yeye ndiye aliyenilipia chuo. Anaapa. Mama anasema mmoja wetu ni mwongo. Je, mtu anaweza kusahau jambo kama hilo kweli, ama ananichezea? Na je, nianze kurekodi mazungumzo yetu? – Dada wa Umoja

Jibu: Dada, pole. Nianze na kauli ya mama, kwa sababu naona ndiyo iliyoiwasha nyumba. Mama amewapa nafasi mbili tu, mkweli na mwongo, na mko wawili, kwa hiyo kila mmoja amekimbilia ile nafasi nzuri na kumwachia mwenzake ile mbaya. Ipo nafasi ya tatu, na katika kesi za namna hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi: nyote wawili mnasema mnachokikumbuka, na mnachokikumbuka si kitu kimoja.

Huenda ukasema, mambo ya shilingi elfu sitini hayasahauliki. Ni kweli, hakuna aliyeyasahau. Nyote mnakubaliana ni kiasi gani, lini, wapi na kwa ajili ya gari gani. Mnachogombania ni maneno, na maneno ndiyo kitu cha kwanza kutoka kichwani.

Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, Jacqueline Sachs, aliwasikilizisha watu hadithi fupi, kisha akawasomea sentensi na kuwauliza kama ndivyo ilivyokuwa ndani ya hadithi au imebadilishwa. Walipoulizwa papo hapo, waligundua hata mpangilio wa maneno ukiguswa kidogo. Zilipopita silabi 80 tu za maneno mengine, yaani kama nusu dakika, mabadiliko ya mpangilio yaliwapita. Sentensi ikibadilishwa maana waliikamata, lakini ikibadilishwa maneno huku maana ikibaki, walibahatisha. Nusu dakika, Dada. Pale Burma, kabla mhudumu hajaleta maji ya kunawa, ile sentensi yako ya Agosti ilikuwa imeshapoteza maneno yake kwako na kwake pia. Kila mmoja alibaki na maana, na maana hiyo kila mtu alijitengenezea mwenyewe.

Hata hizo maana hazibaki nyingi. Mwaka 1984 Laura Stafford na John Daly waliwaketisha watu wawili wawili wazungumze, na baada ya dakika chache tu wakawaomba waandike yote yaliyosemwa. Kwa wastani waliandika kama sehemu moja ya kumi. Hao walikuwa vijana wa chuo ndani ya chumba kimya, bila kelele za shoka kwenye gogo, na bila simu mkononi inayosubiri namba ya siri.

Sehemu moja ya kumi ya kaka yako na sehemu moja ya kumi yako si lazima ziwe zile zile. Hebu turudi mezani. Yeye alifika na hofu ya gari. Kila siku Probox inapolala Grogan, yeye hauzi, na wateja wake wanazoea kununua kwingine. Mtu wa namna hiyo anaposikia neno lolote la kumtuliza, hulishika. Kama ulisema “usijali”, na wadada wengi Wakenya tungelisema bila hata kufikiri, neno hilo lilimfikia kama jibu la swali lililomnyima usingizi. Wewe ulifika na karo. Ulipotaja Agosti ulikuwa unasema jambo zito kuliko yote kwako. Kwake huenda lilipita kama habari za watoto, zile tunazoulizana huku tukingoja chakula.

Majaribio mengi, ingawa si yote, yanaonyesha pia kwamba tulichokitamka au kukibuni wenyewe hukaa vizuri zaidi kuliko tulichokisikia kwa mwingine. Norman Slamecka na Peter Graf walilionyesha hili kwa maneno mepesi mwaka 1978: neno ulilolimalizia mwenyewe unalikumbuka kuliko lile ulilolisoma limekamilika. Kwa hiyo sharti ulilolitoa wewe lina nguvu kwako. Habari ya chuo, ambayo naamini yeye ndiye aliyeigusa, ina nguvu kwake. Kumbuka kwamba huyu amebeba karo yako ya chuo kichwani miaka yote hii, pengine bila kuitaja hata mara moja. Mtu akikutumia pesa na moyoni una hesabu ya zamani, ni rahisi sana kusikia hesabu hiyo ikilipwa.

Sasa nakuomba uvumilie, kwa sababu kuna jambo katika barua yako mwenyewe ambalo halitakufurahisha.

Unasema alikupigia siku moja kabla. Maana yake ulilala na habari hiyo, ukaamka nayo, ukapanda nayo matatu kutoka Umoja. Sina shaka njiani ulikuwa unapanga: nitamwambia nitampa, lakini azirudishe Agosti. Pengine uliisema sentensi hiyo kichwani mara kadhaa, ukiibadilisha ili isimuumize. Marcia Johnson na Carol Raye waliandika mwaka 1981 juu ya tatizo hili hasa, jinsi kichwa kinavyotenganisha kilichotokea na kilichofikiriwa. Kazi hiyo hufanywa kwa kupima dalili: kumbukumbu ina sauti, ina sura, ina mahali? Sentensi uliyoipanga vizuri, ukajiona ukiisema, ukaona na uso wa kaka yako akiitikia, ina dalili zote hizo. Baada ya miezi mitatu au minne, kuitofautisha na sentensi iliyotoka mdomoni ni kazi ngumu.

Halafu kuna mume wako. Umemtaja kama shahidi, nami naamini kabisa kwamba ulimwambia. Lakini yeye ni shahidi wa yale uliyomwambia yeye, jioni, nyumbani. Burma hakuwapo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, ina kifungu cha 63 kinachotaka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama jambo ni la kusikika, aje aliyelisikia mwenyewe. Sheria imeweka kanuni hiyo kwa sababu nzuri. Tena, mwaka 2009 Nigel Gopie na Colin MacLeod wa Kanada walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba tunakumbuka vibaya zaidi nani tulimwambia jambo kuliko nani alituambia. Ndiyo maana mjomba anakusimulia kisa kile kile kila Krismasi kana kwamba hujawahi kukisikia. Kwamba ulitaja Agosti kwa sauti siku hiyo, nakubali. Kwamba ulimtajia kaka, au ulimtajia kwa namna ambayo angejua kuwa ni sharti, hilo siwezi kukuthibitishia, na nadhani wewe pia huwezi.

Baada ya hapo simulizi zikaanza. Wewe umemsimulia mume, mama, na bila shaka mtu mmoja au wawili wa chama. Yeye amemsimulia mkewe jinsi dada alivyomtoa shimoni. Barbara Tversky na Elizabeth Marsh, mwaka 2000, waliwapa wanafunzi kisa kimoja kuhusu watu wanaoishi chumba kimoja, kisha wakawaambia waandike barua: baadhi ya kulalamika juu ya mmoja wao, wengine ya kumpendekeza. Baadaye walipoulizwa kisa chenyewe kilikuwaje, kumbukumbu zao zilikuwa zimeelemea upande wa barua waliyoiandika, na wakaongeza makosa ya upande huo huo. Wewe umekuwa ukiandika barua ya malalamiko, yeye barua ya shukrani. Kila mkisimulia, mnasimulia toleo la mwisho.

Unasema anaapa, na nahisi kiapo hicho ndicho kinachokuumiza. Nakuelewa. Ila uhakika wa mtu hautuambii mengi. Mkenya yeyote wa rika langu atakwambia alikuwa wapi asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka hapa mjini, na atakwambia bila kusita. Ulric Neisser, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na mwenzake Nicole Harsch, walipima uhakika wa namna hiyo. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, kesho yake waliwaandikisha wanafunzi jinsi walivyopata habari. Miaka miwili na zaidi baadaye wakawauliza upya. Robo yao walikosea kila kitu cha msingi, na wengi wa waliokosea hawakuwa na wasiwasi hata kidogo. Walipoonyeshwa karatasi zao za awali, wapo waliotambua mwandiko wao lakini wakashikilia kwamba ilivyokuwa ni vile wanavyokumbuka sasa.

Neisser huyo ndiye aliyefanya uchunguzi ambao ningependa mama yenu ausikie. Juni 1973, John Dean, aliyekuwa wakili katika Ikulu ya Marekani, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti juu ya kashfa ya Watergate. Alisoma taarifa ya kurasa 245, akieleza mkutano baada ya mkutano na Rais Nixon, nani alisema nini. Watu walishangaa kumbukumbu ile, wapo waliomwita kinasa sauti chenye uhai. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba Nixon alikuwa na vinasa sauti vya kweli ofisini. Kwa hiyo, kwa mara moja katika historia, tukapata mtu mwenye kumbukumbu ya kusifika, aliyeapa, na kanda ya mazungumzo yale yale.

Neisser aliyalinganisha na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Katika mkutano wa tarehe 15 Septemba 1972, Dean alikumbuka kwamba alipoingia rais alimkaribisha kiti, akamwambia Haldeman, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, amekuwa akimpasha habari za kazi yake, akampongeza, naye Dean akajibu kwa unyenyekevu kwamba hawezi kujitwalia sifa kwa kuwa wengine wamefanya makubwa zaidi. Kwenye kanda, mwanzo wa mkutano hauna hata moja ya hayo. Nixon hakumwambia aketi. Habari za Haldeman hazipo. Hata ule unyenyekevu wa Dean mwenyewe haupo. Ni maneno ambayo yangefaa kusemwa, na ambayo Dean pengine alitamani yasemwe. Lakini mkutano wa tarehe 21 Machi 1973 aliukumbuka vizuri zaidi, hasa saa ya kwanza. Ni kwa nini? Siku hiyo Dean alikwenda na hotuba aliyoiandaa, kumwonya rais kwamba kashfa inakua kama saratani karibu na kiti chake. Alikumbuka alichokiandaa yeye.

Je, Dean alikuwa mwongo? Neisser alisema hapana, nami nakubaliana naye. Maneno mengi aliyakosea, lakini hali aliyoieleza ilikuwepo: Ikulu ilikuwa inaficha uhalifu na rais alijua. Kanda hizo hizo zikamwondoa Nixon madarakani Agosti 1974. Dean aliunganisha mikutano mingi, hofu zake na matumaini yake, akavipa sura ya siku moja. Nadhani ndivyo ilivyo kwa kaka yako. Huenda kauli ya zamu yako kumsaidia haikutoka mdomoni mwako siku ile. Lakini kwamba alikulipia chuo ni kweli, na kwamba kuna jambo kati yenu kuhusu hilo ambalo hamjawahi kulimaliza, pia ni kweli. Karo ya Agosti nayo ni ya kweli, hata kama hukuitaja vile unavyokumbuka.

Ama kama anakuchezea. Yapo mambo ningeyatazama. Kumbukumbu inayopotea kiungwana hupotea pande zote: wakati mwingine mtu husahau hata anachokudai wewe, au hukumbuka deni ambalo wewe umelisahau. Kama ni kila mara, kila mwaka, na kila kumbukumbu inamwangukia yeye kwa faida, hapo nina shaka. Kama ukimuuliza anakwambia una kichaa, umechanganyikiwa, hufai kuaminiwa na akili zako mwenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa, na sitakushauri ulitafutie maelezo ya kisayansi. Katika barua yako sioni hayo. Naona mtu aliyeshangaa. Na usisahau kwamba kumbukumbu yako nayo imekuangukia wewe kwa faida.

Huenda unajiuliza mbona kaka aliyekulipia chuo asikuelewe. Kenneth Savitsky na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio juu ya wanandoa na marafiki. Walikuta kwamba wanandoa hawakuelewana vizuri zaidi kuliko walivyoelewana na watu wasiowajua, ila walidhani wanaelewana zaidi. Kwa mgeni ungesema: hizi ni mkopo, tarehe ya kulipa ni hii. Kwa kaka uliona aibu, ukadhani ameshaelewa.

Basi usikubali kikao cha familia cha kuamua nani alisema nini. Kitatafuta kitu ambacho hakipo tena mahali popote, na mshindi atakuwa yule mwenye sauti kubwa au yule ambaye wazee wanampenda. Mahakama nayo ipo: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mkopo wa mdomo si haramu. Lakini utapeleka nini? Ujumbe wa M-Pesa una jina, kiasi, tarehe na saa. Hausemi pesa zilikuwa za nini. Kwa ardhi, sheria yetu ya mikataba, kifungu cha 3(3), inakataa kesi kama makubaliano hayakuandikwa, hayakusainiwa au hayakushuhudiwa. Pesa za ndugu kwa ndugu hazina ulinzi huo, na bado nisingempeleka kaka mahakamani kwa hizi.

Mtafute mkiwa wawili, mama asiwepo. Muulize kwanza yeye alielewa nini siku ile, umwache amalize, hata akisema usilolitaka. Utashawishika kumkatiza kwenye neno chuo. Usimkatize. Kisha mwambie ulichoelewa wewe, kwa maneno hayo hayo, “nilivyoelewa mimi”, usiseme “nilikwambia”. Mkifika hapo mtakuwa na mambo mawili ya kuzungumza, karo ya Agosti na ile ya chuo, na nakushauri myatenganishe. La Agosti lina tarehe. Mwulize anaweza kurudisha ngapi na lini, hata ikiwa ni elfu kumi kila wiki kutoka kwa mboga. La chuo huenda likahitaji shukrani iliyosemwa vizuri kuliko pesa, lakini hilo mtaliamua wenyewe.

Kurekodi, hapana. Kaka akigundua, hamtazungumza tena, mtahojiana. Badala yake, mkishakubaliana, mtumie ujumbe mfupi siku hiyo hiyo, kabla hamjalala: “Kaka, asante kwa leo. Tumekubaliana utarudisha 10,000 kila Jumamosi kuanzia wiki hii. Kama nimeelewa vibaya nirekebishe.” Weka kiasi na tarehe, acha utani. Justin Kruger na wenzake walipima hili mwaka 2005: watu walioandika sentensi za kejeli na za kweli kwa barua pepe walitarajia kueleweka mara 78 katika kila 100, wakaeleweka mara 56. Utani wako wa mdomoni ukiandikwa unaweza kusomwa kama tusi. Akikujibu kwamba sivyo, usikasirike. Kulirekebisha siku hiyo ni maneno mawili ya simu.

Na usiingojee karo itoke kwake. Wiki hii nenda shuleni umwone bursa, umweleze unaweza kulipa kiasi gani siku ya kufungua na kiasi gani kufikia katikati ya muhula, na umwombe akuandikie.